Maswali ya Wasomaji: Peke Yako na Kamera Bagamoyo

Barua tano za safari hii zinaelekea mji mmoja, kwa hiyo tumezijibu pamoja.

Naishi Tabata na kazini natoka Jumamosi mchana. Jumapili moja niliondoka Dar saa 1 asubuhi kwenda kupiga picha Bagamoyo. Nilirudi na picha zaidi ya mia tatu: anga jeupe, kuta zimeungua kwa mwanga, vivuli vyeusi ti. Ninunue kamera nyingine? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usinunue kitu. Kamera yako ni nzima, ila ulifika umechelewa. Kutoka Dar hadi Bagamoyo ni kama kilomita 70. Kwa daladala, pamoja na foleni ya Tegeta na Bunju, hesabu saa moja na nusu hadi mbili. Uliyeondoka saa 1 ulishuka saa 3, na saa hiyo jua la pwani limeshapanda. Mwanga unaangukia paa na kuacha uso wa nyumba gizani.

Bagamoyo unatazama mashariki, jua linachomozea baharini. Kulingana na mwezi wa mwaka, huchomoza kati ya saa 11:50 alfajiri na saa 12:35 asubuhi, na mwanga laini hauvuki saa 1:30. Hakuna gari la abiria litakalokufikisha pale kwa wakati huo. Dawa ni kulala hukohuko. Ondoka Jumamosi saa 8 mchana, tafuta chumba karibu na Mji Mkongwe ili alfajiri utembee kwa miguu dakika chache tu, kisha urudi Dar Jumapili mchana.

Jioni ya Jumamosi iwe ya mitaa. Kuanzia saa 10:30 jua linatokea upande wa bara, hivyo linamulika milango iliyotazama bara, na kwa pembeni. Mwanga huo wa pembeni ndio unaotoa nakshi: kila ua na kila mnyororo uliochongwa kwenye mwimo unapata kivuli chake chembamba. Mchana, kizingiti cha juu kinatupa kivuli kimoja kikubwa na nakshi zinalala. Mlango upigwe ukiwa umesimama katikati yake sawasawa, lenzi ikiwa kwenye usawa wa nusu ya mlango, si usawa wa macho yako. Rudi nyuma hadi ukuta wa pili wa mtaa, tumia lenzi ya milimita 50 au zaidi. Ukisogea karibu na lenzi pana, miimo inainama kama inataka kuanguka. Baada ya mlango mzima, sogea upige kipande kimoja tu: msumari wa shaba, au pete ya kugongea pale mikono ilipoing'arisha.

Alfajiri ya Jumapili uwe ufukweni nusu saa kabla ya jua. Kamera ikiwa kwenye stendi ya miguu mitatu, anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), na shata, yaani muda tundu linabaki wazi, ya sekunde 1 hadi 4. Jua likitoka, pima mwanga kwenye anga pembeni ya jua, si kwenye jua lenyewe, ndipo mashua na tanga vitoke vyeusi vizuri na anga libaki na rangi. Ngalawa inayokwenda inataka shata ya 1/500 ya sekunde ili matengo yake, zile mbao za ubavuni, yasitoke na ukungu.

Saa 2 chukua bodaboda hadi magofu ya Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Kuta zile za mawe ya matumbawe, na msikiti ambao wanahistoria wanauweka karne ya 13, zinataka jua la chini ili vitundu vya mawe vionekane. Ikifika saa 3 funga kazi ya nje. Muda wa jua kali upeleke Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako kuna vivuli vya miembe na makumbusho. Upo pia mnara ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, ulifikishwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Tafuta mbuyu uliomeza mnyororo: kilichobaki nje ni kipande kidogo tu, na gome limeukunjia midomo. Hapo kivuli ni rafiki, kwa sababu jua kali lingechanganya chuma na gome. Ila ni Jumapili: wakati wa misa kamera ikae begini.

Boma la Wajerumani la mwaka 1897, Ngome Kongwe, Caravanserai (kituo cha misafara ya zamani), vyote vina haki yake. Kwa safari fupi kama hii, chagua kimoja. Anayetaka vyote anarudi na picha za kuthibitisha alifika.

Nilifika pwani alfajiri nikakuta maji yamekwenda mbali, vyombo vimelala ubavu kwenye tope. Nilitaka jahazi linaloelea. Nitajuaje kabla? (Msomaji, Kibaha)

Wavuvi wanajua kwa mwezi, na wewe fanya hivyo. Tazama tarehe ya mwezi mwandamo. Siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa sana karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Siku za robo ya mwezi ni maji mafu, na saa zinageuka: kujaa kunaangukia karibu na saa 4, kupwa karibu na saa 10, na tofauti ya kina ni ndogo. Katikati ya hapo, kila siku ongeza kama dakika 50.

Kwa hiyo siku ya bamvua, jua linapochomoza maji yameanza kurudi lakini vyombo bado vinaelea. Saa 3 vimekaa mchangani. Usidharau hali hiyo, maana kwenye soko la samaki ndipo watu wanapoingia majini hadi magotini kupokea ndoo, na mchanga ulioloa unageuka kioo. Chuchumaa, kamera iwe sentimita 30 juu ya ardhi, upate chombo na taswira yake mchangani.

Ukitumia jedwali la maji la Dar es Salaam au Zanzibar, kumbuka limeandikwa saa za kizungu. 06:15 ya jedwali ni saa 12:15 ya mvuvi. Wapo wanaofika saa sita mchana wakishangaa.

Mimi ni mwanamke, nasafiri peke yangu. Naogopa mambo mawili: kuporwa, na kufokewa nikipiga watu picha. (Msomaji, Morogoro)

La kwanza: usitembee ufukweni peke yako kati ya mji na Kaole. Njia ni ndefu, haina watu, na mtu mwenye kamera shingoni anaonekana kutoka mbali. Mwombe mwenye nyumba ya wageni akuitie bodaboda anayemfahamu, mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda, na namba yake umwachie mtu. Beba kamera kwenye begi la kawaida la sokoni. Mkanda uupitishe begani hadi kwapa la pili, usining'inie shingoni.

La pili ni adabu tu, dada. Kamera iwe chini unapofika. "Shikamoo mama. Habari za biashara? Naomba nikupige picha ukikaanga samaki, mikono tu ukipenda." Ukianza na mikono, mara nyingi uso unafuata kwa hiari yake. Nunua samaki kwanza, kisha omba. Hiyo si rushwa, ni kuwa mteja. Akikataa, asante na uendelee. Usirudi kuiba picha kwa lenzi ndefu, soko zima litaona. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi, si ya mtoto anayekupungia. Kanga moja begini itakufaa Kaole, kwa sababu kuna makaburi ambayo watu bado wanayazuru, na usipande juu ya kaburi lolote kutafuta pembe nzuri.

Nyumba nyeupe zinatoka kijivu, na ndugu yangu akisimama mbele ya ukuta uso wake hauonekani kabisa. Natumia simu. (Msomaji, Tanga)

Kamera inadhani kila kitu duniani ni kijivu cha wastani. Ikiona ukuta wa chokaa inasema "mwanga umezidi" na kuupunguza. Ukuta ukitoka kijivu, uso mweusi mbele yake unatoka giza. Kwenye kamera, sogeza kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga (+/−) hadi +1. Kwenye simu, gusa uso wa ndugu yako kwenye kioo, shikilia hadi mwanga ujifunge, kisha panga picha yako. Ukuta ukiungua kidogo, acha uungue. Bora zaidi, mtoe juani: msimamishe barazani hatua moja ndani ya kivuli, ageukie mtaa. Usikuze kwa vidole, simu nyingi zinakata picha tu. Sogea wewe.

Tangu nirudi pwani picha zote zina utando kama moshi. Nimefuta lenzi kwa fulana, hali imezidi. (Msomaji, Dodoma)

Ni chumvi, na fulana imeisambaza. Upepo wa bahari unabeba matone yanayokauka kuwa chembe ngumu, ukisugua kavu zinakwaruza lenzi. Puliza kwanza kwa kipira cha kupulizia, lenzi ikitazama chini. Tia tone moja la dawa ya lenzi kwenye kitambaa laini, si kwenye kioo, ufute kwa mzunguko kutoka katikati, umalizie kwa upande mkavu. Mwili wa kamera na miguu ya stendi futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu na kukamuliwa. Stendi iliyoingia baharini ifunguliwe vipande na isuuzwe usiku uleule. Ukiiacha hadi kesho, mchanga unakula vifungio. Siku nyingine, ukilala chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa baada ya kutoka nje, vinginevyo lenzi itajaa ukungu jua linapochomoza. Na kama unafikiria droni kwa safari ijayo, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kitafutwe kabla hujatoka nyumbani.