Barua kwa mwanangu: fedha za vijana wa wadi yenu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza fedha kidogo ilizopata kamati ya vijana ya wadi yenu zitumiwe vipi: kuwaita polisi na watu walioacha unga, yaani dawa za kulevya, wapite shuleni wakiwaonya wanafunzi, au kuendesha klabu ya mwaka mzima. Mimi ningechagua klabu.

Wamarekani waliijaribu njia ya kwanza kwa upana. Mpango wa DARE, ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1983, uliwapeleka polisi madarasani kuwafunza watoto kukataa dawa za kulevya. Wazazi waliupenda sana, lakini watafiti walipowalinganisha wanafunzi waliopitia masomo hayo na wenzao wasioyapitia, hawakuona tofauti ya maana iliyodumu. Nami sishangai, kwa kuwa mtoto wa miaka 14 mtaani kwenu anajua kwamba unga unaua; anachokosa ni mahali pa kwenda saa kumi jioni, na mtu mzima atakayemuulizia asipofika.

Nchini Iceland, mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5. Serikali iligharimia michezo na muziki, wazazi wakakubaliana juu ya saa za watoto kuwa nyumbani, na wanafunzi wakawa wanahojiwa mara kwa mara ili kila mtaa upate majibu yake. Najua utasema hiyo ni nchi tajiri yenye watu wachache.

Basi tazama Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Tangu 1987 MYSA, chama cha michezo cha vijana wa huko, kimekuwa kikiendesha ligi ambayo timu hupata pointi kwa kuzoa taka za mtaa pia, si kwa ushindi uwanjani tu. Vijana wenyewe huketi katika kamati zinazoamua mambo, na anayejitolea hujikusanyia alama zinazoweza kumpatia karo, inayolipwa moja kwa moja shuleni kwake. Nguvu ya mpango huo naiona katika dhamana wanayokabidhiwa watoto wangali wadogo, maana mpira mtupu hautoshi. Tena ukiwakusanya pamoja vijana ambao tayari wana matatizo, bila mlezi imara, wanaweza kufunzana mabaya haraka kuliko mema.

Hao walioacha unga msiwatupe. Badala ya hotuba ya siku moja, wapeni kazi ya kila wiki klabuni, wakishachunguzwa kama mlezi mwingine yeyote anayekabidhiwa watoto wa watu.

Katika bajeti, tangulizeni nauli na posho ya walezi, kwa sababu mlezi anayebadilika kila muhula hawezi kumjua mtoto. Jezi zije baadaye, hata kama wafadhili huzipenda kwa ajili ya picha. Nitumie rasimu niisome kabla hujaipeleka kikaoni.

Ni mimi mamako.