Barua kwa mwanangu: ua moja kubwa kuliko mlango

Mbukwa, mwanangu,

Huku hatujambo, ila joto la Oktoba na upepo wenye vumbi ndivyo vinatusumbua. Juzi nilipokutumia picha ya kazi niliyoianza, ulinijibu kwa swali: “Mama, ua moja kubwa kuliko mlango la nini? Si ungechora twiga wadogo wanaouzika?” Nilitaka nikupigie, nikaona maneno ni mengi.

La biashara tulimalize kwanza. Twiga wanauzika, sibishi. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi zilezile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi za mraba za kama futi mbili. Mgeni ananunua, anatia kwenye begi, anapanda ndege. Udogo ule una sababu yake, na ukubwa wa kazi zangu una sababu yake. Halafu tangu Serikali ihamie Dodoma, kumejengwa ofisi na hoteli zenye kuta ndefu tupu, kwa hiyo usinihurumie sana. Wateja ni wachache, ila wapo.

Sasa sababu yenyewe. Georgia O'Keeffe, mchoraji wa Marekani, alianza maua yake makubwa mwaka 1924 akiwa New York. Maelezo yake hayakuwa na makuu: ua ni dogo, watu wana haraka, basi akilichora kubwa watashtuka na kusimama. Alilisogeza ua karibu mpaka petali zikamalizikia nje ya fremu. Hakuna chombo cha maua, hakuna meza. Wapo wakosoaji waliosema anachora miili ya wanawake, naye akalikataa hilo hadi uzeeni. Mwaka 1932 alichora ua jeupe la mmea wenye sumu, ndugu yake yule anayeota kwenye majalala yetu, niliyekuwa nawakataza msimguse mlipokuwa wadogo. Picha hiyo, yenye urefu wa kama mita 1.2, iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 44. Nakutajia bei kwa kuwa nakujua wewe na hesabu zako. Gugu la jalalani, baba!

Mimi nimeshikwa na ua la mbuyu. Ubuyu tunaula tangu utotoni, kivuli chake tunapumzikia, lakini muulize mtu wa hapa mjini ua lake likoje, wengi watababaika. Siwalaumu. Linafunguka jua likizama, usiku popo wanalijia, na kesho yake limeshaanza kugeuka kahawia. Tena linaning'inia kichwa chini. Ukitaka kuliona ndani inabidi utandike mkeka chini ya mti, ulale chali, umulike kwa tochi, na majirani waseme watakalo. Petali ni tano, zimekunjamana, zimejikunja kurudi nyuma. Katikati nyuzi za chavua zimejaa zikafanya duara zito. Harufu yake si ya kujipaka.

Ua hilo, hata likikunjuka lote, halizidi sana kiganja. Kulipeleka kwenye kitambaa cha mita mbili si suala la kukuza tu. Picha ya simu ukiivuta sana inabaki vijiraba vya rangi. Kwenye picha ndogo mkunjo wa petali ni mstari mmoja, unaupiga kwa kifundo cha mkono, umemaliza. Kwenye picha kubwa mkunjo uleule una upana wa kiganja, na unauchora kwa bega zima. Ndani yake kuna mahali kivuli kinapoanzia, mahali kinapokolea, na ule mwanga hafifu unaorudi kutoka petali ya jirani. Usipoujua, ukubwa unakuumbua. Hiyo ndiyo sababu yangu, mwanangu, kuliko ile ya kuwashtua watu. Ukubwa unanilazimisha nijue ninachokichora.

Tena nyeupe! Ukiitoa kwenye tyubu ukaipaka ilivyo, unapata ukuta wa chokaa. Mimi naanza na kijivu chenye ubuluu kwenye mikunjo, kijani kidogo karibu na shina la ua, manjano hafifu pale tochi ilipopiga. Nyeupe tupu naiweka mwisho kabisa, sehemu chache mno. Kisha nalitoa lote uani, naligeuza juu chini na kulitazama kutoka getini. Likigeuzwa hivyo, macho yanasahau kwamba ni ua, na penye kasoro panaonekana mara moja.

Uliuliza pia kwa nini nisitumie rangi za akriliki, zile za kuchanganywa na maji, maana zinakauka upesi. Ndiyo tatizo lenyewe. Kwa ukavu wa hewa ya Dodoma zinakauka kabla sijalainisha mpaka wa rangi na rangi, na eneo ni kubwa. Rangi za mafuta zinanisubiri siku kadhaa. Ila nazo zinadaka vumbi, ndiyo maana miezi hii nafanya kazi alfajiri na kufunga madirisha upepo ukianza. Kitambaa ni marikani nzito iliyowambwa kwenye mbao. Naipaka gundi kwanza, maana mafuta yakigusa nyuzi moja kwa moja yanazila pole pole, halafu ndiyo inafuata rangi nyeupe ya msingi.

Babako anauliza litatokaje mlangoni. Tutang'oa misumari, tulikunje kama mkeka rangi ikishakauka vizuri, tuliwambe upya huko liendako.

Ukija Desemba niletee mafuta ya kitani na brashi pana za wachoraji kutoka huko Dar, za nywele laini. Hapa naziona za kupakia nyumba tu, nazo zinamwaga nywele kwenye rangi. Hela nitakutumia ukinipa bei, na usinipandishie.

Mama yako