Maswali ya Wasomaji: FIFA 22 niliyonunua mbona si ile iliyosifiwa?

SWALI: Nimenunua PS5 yenye sehemu ya diski pamoja na gemu ya mpira ya FIFA 22 iliyotumika. Wahakiki waliisifu sana kwa jinsi wachezaji wanavyotembea, lakini mimi naona ni ile ile anayocheza mdogo wangu kwenye PS4. Au televisheni yangu ndiyo mbovu? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Televisheni haina kosa. Tazama kasha: likiwa na ukanda wa bluu juu, hilo ni toleo la PS4, la PS5 lina ukanda mweupe. PS5 hucheza diski zote mbili bila kukuonya, na hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge.

Kilichosifiwa kinaitwa HyperMotion. EA, watengenezaji wa FIFA, waliwavalisha wachezaji 22 mavazi yenye vihisio, wakapiga mechi kamili ya 11 kwa 11, na gemu ikapata miondoko mipya zaidi ya 4,000. Utaiona mabeki wanaposogea pamoja kama ngome moja, au mtu anapotuliza mpira wa juu huku akisukumwa. Katika FIFA 22 iliwekwa kwenye PS5, Xbox Series X na S, na Stadia (huduma ya Google ya kucheza gemu mtandaoni) tu. Hata toleo la kompyuta lilikosa. Kwa hiyo kabla ya kuamini hakiki yoyote, angalia mhakiki alichezea mashine gani. Lawama, kwa upande mwingine, zinahusu matoleo yote: pakiti za wachezaji za kulipia kwenye Ultimate Team (sehemu ya kujijengea timu), na Career (sehemu ya kuongoza klabu au mchezaji mmoja) iliyobadilika kidogo mno. Hizo nazo ni za haki.

Kama kasha limepotea, kuna kipimo kingine. Hamishia gemu kwenye diski ya nje ya USB kisha uifungue. Ikicheza kutoka humo, ni ya PS4, maana gemu ya PS5 inaweza kuhifadhiwa kwenye USB lakini haichezeki mpaka irudishwe ndani.

Muuzaji akikwambia "itajiboresha yenyewe", anakumbuka FIFA 21, ambayo diski yake ya PS4 ilikupa toleo la PS5 bure. Kwa FIFA 22 nafasi hiyo ilikuwa ya Ultimate Edition, toleo la bei ya juu, peke yake, iliyouzwa mtandaoni, na FIFA za zamani ziliondolewa madukani humo mwaka 2023. Irudishe, udai yenye ukanda mweupe.

SWALI: Hakiki za eFootball 2022, gemu nyingine ya mpira, zinaiponda vibaya. Niishushe kwenye PS5 au niachane nayo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Angalia tarehe kwanza. Nyingi ziliandikwa gemu ilipotoka, tarehe 30 Septemba 2021, ikiwa na klabu tisa tu za kuchezea, sura za wachezaji zimepinda, na Konami, watengenezaji wake, wenyewe wakaomba radhi. Siku zile ilistahili kipigo hicho, tena ilikuwa haijaiva hata kidogo. Toleo la 1.0 lilikuja Aprili 2022, na tangu hapo wanaibadilisha juu kwa juu, na namba ya mwaka kwenye jina nayo haikubaki ile ile. Ni ya bure, basi ishushe, cheza mechi tano, ukikazia macho pasi za chini na kasi ya beki anapogeuka. Kadi ya benki usiiunganishe kwanza.