Anakofikia si Anakotoka: Kwa Mnaoanza Utafiti wa Saratani

Mwaka wangu wa kwanza kwenye utafiti nilikabidhiwa mafaili ya wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi na swali moja tu: wanatoka wapi? Nikajifungia masjala wiki tatu. Kila faili nikachukua wilaya iliyoandikwa pale juu, nikaijaza kwenye jedwali, mwisho nikachora ramani. Ramani ikatoka nzuri kweli. Temeke nyekundu, Ilala nyekundu, Kinondoni nyekundu, halafu kadiri unavyokwenda Rukwa, Katavi na Kigoma rangi inafifia mpaka inabaki nyeupe. Nikaandika kwamba mzigo wa ugonjwa uko mjini, na kwamba huenda maisha ya mjini yanachangia. Nilijiona msomi.

Aliyeniumbua hakuwa profesa. Alikuwa mama mtunza kumbukumbu, aliyekaa masjala ile tangu mafaili yanafungwa kwa kamba. Akaitazama ramani yangu, akacheka kidogo. "Mwanangu, hapa umeandika wanakofikia. Hukuandika wanakotoka."

Mgonjwa akitoka Kasulu, Dar es Salaam anafikia kwa shemeji yake Mbagala. Akiulizwa dirishani "unakaa wapi?" anajibu Mbagala, maana ndiko alikolala jana. Karani anaandika Mbagala. Nikarudi kwenye mafaili yale yale, nikaanza kufunua barua za rufaa zilizokunjwa huko nyuma, nikasoma mihuri ya hospitali za wilaya moja moja. Sehemu kubwa ya wekundu wangu wa Temeke ilikuwa mashemeji.

Nawaanzia na hili kwa sababu karibu kila kosa nililoliona baadaye, langu na la wanafunzi niliowasimamia, ni hilo hilo limebadilisha kanzu. Kazi yetu ni kutafuta kwa nini mtu mmoja anapona na mwenzake mwenye uvimbe wa aina ile ile anakufa. Basi ujue kwamba aliye mbele yako kliniki tayari ameshachujwa. Kwa miaka mingi Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, ndiyo pekee iliyokuwa na mashine za mionzi nchini, kabla ya Bugando kule Mwanza kuanza. Mionzi ya nje ya mlango wa kizazi mara nyingi ni vipindi 25, siku tano kwa wiki. Hesabu mwenyewe: wiki tano mjini, na kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Aliyefika ana nauli, ana mtu wa kumwachia watoto, ana shemeji Mbagala. Asiye na shemeji hana faili. Ule weupe wa Katavi kwenye ramani yangu ndio ulikuwa habari yenyewe, nami niliupita kama nafasi tupu.

Namba kubwa nazo zisomeni hivyo hivyo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani ya mlango wa kizazi, na vifo zaidi ya 6,500. Zitumieni, lakini msiseme "walihesabiwa". Ni makadirio, yamejengwa juu ya sajili chache za saratani na hesabu za kitakwimu za kuziba mapengo. Mwanafunzi akisimama mbele ya jopo akaulizwa "hao 10,000 nani aliwahesabu?", asipojua jibu hata kazi yake nyingine nzuri inaanza kutiliwa shaka.

Wala si kwetu tu. Daktari mpasuaji Harold Freeman alifika Hospitali ya Harlem, New York, mwishoni mwa miaka ya 1960, kisu chake tayari, akakuta wanawake weusi maskini wanamjia wakati kisu hakina tena la kufanya. Takwimu za wagonjwa 606 wa saratani ya matiti waliotibiwa hospitali ile kati ya 1964 na 1986 zilionyesha kuwa karibu nusu walifika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, na waliofikisha miaka mitano wakiwa hai walikuwa asilimia 39. Mwaka 1990 akaanzisha utaratibu wa kuwa na mtu wa kumshika mkono mgonjwa tangu siku uvimbe unapoonekana mpaka matibabu yanapoanza: fomu, bima, miadi, usafiri, na woga. Kukawa na uchunguzi wa bure au wa bei nafuu pia. Katika kundi la waliotibiwa pale kati ya 1995 na 2000, waliofikisha miaka mitano walikuwa asilimia 70. Wanafunzi wengi wanaotaka kufanya utafiti wa jeni peke yake nawapa habari hii kwanza. Jeni wataendelea nazo, sina ugomvi nazo, ila wajue njia ya kwenda hospitali nayo ina takwimu zake.

Sasa kuhusu nyinyi wenyewe.

Zamani nilikuwa nachagua wanafunzi kwa Kiingereza chao. Sikukiri, lakini ndivyo ilivyokuwa. Anayejieleza vizuri kwenye usaili anapata nafasi, halafu namtuma Simiyu akazungumze na bibi ambaye hata Kiswahili anakiongea kwa kujikongoja. Msimu mmoja nikawa na watafiti wasaidizi wawili kwenye dodoso moja. Swali la tisa lilikuwa: "Ulianza lini kuona damu isiyo ya kawaida?" Wa kwanza, kijana mwerevu wa mjini, karatasi zake zikarudi zimejaa neno moja. Hajui. Hajui. Hajui. Mwenzake alikuwa binti wa Bariadi, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, kwenye vikao vyetu hafungui mdomo. Karatasi zake zilikuwa na miezi. Nikamwuliza anafanyaje. Akanionyesha ukurasa wa nyuma wa daftari lake. Alikuwa amechora mstari mrefu, juu yake ameandika: mvua za kwanza, kupalilia, pamba inaanza kununuliwa, Ramadhani, mwenge ulipita, uchaguzi. Hakuwa anamwuliza mtu tarehe. Anauliza, "Pamba mlikuwa mmeshauza? Huyu mjukuu alikuwa anatambaa au bado?" Bibi anajibu bila kusita, maana hakuna bibi asiyejua mjukuu alianza lini kutambaa.

Kalenda ile sasa tunaitengeneza kila wilaya kabla ya kuanza kazi. Wataalamu wengine wanayo pia katika miongozo yao, kwa hiyo yule binti hakuvumbua kitu kigeni. Ila miongozo hiyo ilikuwa kabatini kwangu na mimi ndiye niliyepeleka dodoso bila kalenda.

Kwa hiyo wewe uliyetoka Ngorongoro, Newala au Tandale, ujuzi wa kwenu usiuache getini pamoja na viatu. Ukiona swali halijibiki, sema kwenye kikao, hata kama sauti inatetemeka. Sema kwa Kiswahili ikibidi. Msimamizi anayekukatiza kwa sababu ya lugha anapoteza data yake mwenyewe.

Ila kutoka huko hakukupi ruhusa ya kuwajibia watu. Nilikuwa na kijana wa Kilimanjaro kwenye kazi ya saratani ya umio, ile ambayo mitaani tunaiita kansa ya koo. Ugonjwa huu una ukanda wake mashariki mwa Afrika, unapita magharibi mwa Kenya kule Bomet na Eldoret, unashuka Tanzania mpaka Malawi, na moja ya vitu vinavyoangaliwa ni vinywaji vya moto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Sasa ukimwuliza mtu "chai yako ya moto kiasi gani?" atakwambia "ya kawaida". Kijana wangu akaona anapoteza muda. Kwao chai inatoka jikoni inaungurumia kikombeni, basi kila nyumba akaweka alama "moto sana". Hakuwa anadanganya, alikuwa anamkumbuka bibi yake. Karatasi zile tulizitupa zote, tukanunua vipimajoto. Kipimajoto hakina kwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Kilimanjaro ulikuwa umeshapima hivyo, na wastani wakati mtu anaanza kunywa ukawa nyuzi 70 hivi. Maana yake hisia za kijana zilikuwa karibu na ukweli. Lakini hisia hazichapishwi, na kwenye nyumba mbili tatu tulizorudi, chai ilikuwa imepoa kabisa. Mzee mmoja alisubiri wajukuu waondoke na mandazi yao ndipo anywe kwa utulivu.

Mambo ya pesa tuyaseme wazi, maana ndiyo yanayowaondoa watu kimyakimya. Taasisi nyingi zina mtindo wa "tanguliza yako, utarejeshewa". Mwenye baba mfanyabiashara anatanguliza. Asiye naye anasema anaumwa. Nilichelewa kugundua kwamba mwanafunzi wangu mmoja, kila tukipangiwa kijiji cha mbali, alikuwa na homa. Hakuwa na homa, hakuwa na 30,000. Tangu hapo nauli na posho ya chakula inatoka kabla ya safari, mhasibu akinuna anune. Ukijiunga popote, uliza hili wiki ya kwanza, na uliza pia jina lako litakaa wapi kwenye makala. Uliza wakati makala haipo. Ikishaandikwa kila mtu anakumbuka alifanya kazi zaidi ya mwenzake.

Vibali vina mlolongo wake: kamati ya maadili ya chuo, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, kata, kijiji. Anzeni mapema, tembeeni na nakala zenye mihuri, na msimruke mtendaji wa kijiji hata kama barua imesainiwa na mkubwa gani.

Fomu ya ridhaa isomeni kwa sauti kwa mama yako au dada yako kabla hamjaipeleka kokote. Yetu iliwahi kuandikwa "uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa kutumia asidi ya asetiki". Wanawake walisikia asidi, wakaenda zao. Muuguzi aliyekuwa pale akasema, "Waambieni siki. Siki ya kachumbari, iliyopunguzwa makali." Wakarudi. Na neno kizazi lenyewe lieleze vizuri, kwa sababu wapo wanaodhani kuchunguzwa mlango wake ndiyo mwanzo wa kutolewa chote.

Kisha kuna simu. Hii hakuna darasa linaloifundisha, na ndiyo iliyowaondoa wanafunzi wangu wazuri wawili.

Kwenye ufuatiliaji utapewa orodha ya namba, uwapigie wagonjwa kila baada ya miezi mitatu. Siku moja nimekaa kando ya mwanafunzi, simu iko kwenye spika. "Habari za asubuhi, naomba kuongea na mama." Kimya. Halafu sauti ya kiume: "Mama tulimzika Alhamisi." Mwanafunzi akaganda. Macho yake yakashuka kwenye fomu, na mdomo ukasoma swali lililofuata: "Je, mgonjwa anaendelea na dawa?"

Sikumgombeza, alikuwa ameshajigombeza. Sasa tunafanya hivi. Ukipewa habari ya msiba, fomu inafunikwa. Unatoa pole, unanyamaza, unamwacha mwenzio aseme anachotaka kusema au akate simu. Tarehe ya kifo huiulizi siku hiyo. Ukimaliza unatoka nje, na simu nyingine hupigi mpaka umezungumza na mtu. Wanaopiga simu hizi hawazidi siku mbili kwa wiki.

Yule kijana wa kwenye simu, aliyemzika mama yake, alitupigia mwenyewe wiki mbili baadaye. Alitaka kujua afanye nini na chupa ya mofini, dawa ya maumivu, iliyobaki nusu, anaogopa watoto wasije wakainywa. Tukamwelekeza airudishe kituo kilicho karibu naye. Halafu bila kuulizwa akaanza kueleza. Kwenye data yetu mama yake alikuwa ameandikwa "aliacha matibabu kwa hiari", baada ya kipindi cha 11 cha mionzi. "Hakuacha," akasema. "Mjomba alihamishiwa Tabora kikazi, nyumba ya Mbagala ikarudi kwa mwenyewe. Tukakosa pa kufikia."

Kwenye dodoso mtakalopewa Jumatatu, swali la 14 ni hili: "Ukija kutibiwa unafikia kwa nani, na atakuwepo mpaka lini?" Liulizeni taratibu, na jibu liandikeni kwa maneno yake yeye, hata kama linazidi nafasi iliyoachwa.