Mtoto aliyependa kuosha masufuria ya jirani

Kila jioni, nikishaepua ugali tu, alikuwa amesimama mlangoni kwangu. "Shikamoo anti. Nikusaidie kuosha vyombo?" Alikuwa na miaka tisa hivi, ameletwa mjini kukaa kwa baba yake mdogo baada ya mama yake kufariki. Nyumba ile ya Mbagala tulikuwa wapangaji sita, koki moja, choo kimoja, na sote tulimsifia. Mimi ndiye niliyemsifia kuliko wote. Nilikuwa nawaambia wanangu, "Mwangalieni mwenzenu anavyojituma. Hana makelele, ana adabu."

Ilinichukua miezi karibu minne kujua alichokuwa anakifuata. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikatoka na tochi ya simu kuchukua ndoo. Nikamkuta amechuchumaa nyuma ya karo, sufuria yangu ameipakata, anabandua ukoko kwa kucha. Ukoko mwingine anaula, mwingine anaufunga kwenye ncha ya khanga. Nilipommulika hakukimbia. Aliziba mdomo kwa mikono miwili nisione kuwa anatafuna. "Nisamehe anti, usimwambie mama mdogo." Mikono ilipokuwa pale mdomoni ndipo nikaona mgongo wa mkono wa kulia: kidonda cha moto, bado kibichi, kimenyooka kama bapa la kisu.

Natamani ningeandika kwamba nilichukua hatua usiku uleule. Nilikaa wiki tatu. Mama mdogo wake ndiye aliyekuwa kijumbe, msimamizi wa mchezo wetu wa kuchangiana hela kwa zamu, na zamu yangu ya kupokea ilikuwa mwezi unaofuata. Hiyo hela nilishaipangia ada. Nikajitafutia sababu nyingine zinazosemeka: ya ndani ya nyumba ya watu hayanihusu, labda aliungua kwa bahati mbaya, mbona hata sisi tulichapwa na tukakua. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotupumbaza wengi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliotolewa hapa Tanzania mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepitia kipigo kabla ya kutimiza miaka 18. Jambo likishakuwa la wengi kiasi hicho, jicho linalizoea.

Kwa hiyo ukiniuliza jirani aangalie nini, sitaanza na kilio. Kilio kila mtu anakisikia. Mwangalie mtoto mtulivu kupita umri wake. Anayejikunja ukiinua mkono kuanua nguo. Anayevaa sweta ya mikono mirefu kwenye joto la Desemba. Anayejua kila mlango unapakua saa ngapi. Yule ambaye wenzake wa chumba kilekile wanakwenda shule, yeye tangu Januari "uhamisho wake unashughulikiwa". Dalili moja peke yake si ushahidi wa kitu, lakini zikiwa tatu nne kwa mtoto mmoja, usiendelee kuziita adabu.

Naomba pia tusiwaonee maskini. Mama akikosa unga, nyumba nzima inalala njaa, na yeye mwenyewe yumo. Huyo mpelekee unga. Pale uani kwetu watoto wawili wa mama mdogo walitoka asubuhi na sare zilizopigwa pasi na chupa ya uji begani. Njaa ilikuwa ya mmoja tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inaigusa tofauti hiyo hiyo: inamzungumzia mlezi mwenye uwezo anayekataa au kupuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu. Na wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa inamwekea yeyote katika jamii mwenye habari hizo. Ina maana mimi na zamu yangu ya mchezo tulikuwa tunatajwa humo.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa kuliko kunyamaza. Nilimgusia mama mdogo kwa upole, "Huyu mtoto mbona kama hashibi?" Alicheka, akanishukuru. Kesho yake mtoto hakuja mlangoni, wala keshokutwa. Alikuwa anafungiwa ndani kutwa. Usimwendee mlezi kwanza ukidhani unatengeneza, maana atakayelipia maneno yako ni mtoto.

Kilichosaidia ni simu. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, hukatwi hata senti. Nilieleza nilichokiona kwa tarehe nilizokumbuka, bila kuongeza chumvi. Baadaye niliitwa ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya afisa ustawi wa jamii, nikarudia yaleyale. Ungeweza pia kwenda moja kwa moja kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Kama unahisi mtoto ameingiliwa kimwili, usimwogeshe, usifue nguo zake, mkimbize hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72.

Na akikueleza mwenyewe, msikilize bila kumhoji kama askari. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mimi niliahidi usiku ule pale karoni, nikaja kuivunja, na aliniangalia jicho ambalo bado naliona. Mwambie tu, "Umefanya vizuri kuniambia, hili nitalipeleka kwa watu wanaoweza kusaidia."

Alipelekwa kwa bibi yake mzaa mama, Dodoma. Kule nyumbani mama mdogo aliacha kunisalimia, na wapangaji wawili wakaniita mchonganishi. Mchezo nilitoka bila kupokea, tukahama.

Bibi hunipigia mara mojamoja. Mwanzoni alilalamika kwamba mjukuu anaiba: vipande vya muhogo chini ya mto, maharage yameota ukungu ndani ya soksi. Nilimwomba asimchape wala asimtukane. Mtoto aliyewahi kunyimwa huweka akiba hata akiwa ameshiba. Siku hizi kila usiku bibi anaweka bakuli la chakula limefunikwa kando ya kitanda chake, anamwambia, "Hili ni lako, likibaki utalikuta asubuhi." Mara ya mwisho tulipoongea aliniambia bakuli lilikuwa halijaguswa kwa siku tano, ila mtoto bado anaamka usiku na kuinua kifuniko kuangalia.