Mchezaji "amekatwa" nini? Maneno ya ukomo wa mishahara katika NFL

SWALI: Huwa nawaandikia jamaa zangu habari za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kwa Kiswahili. Wengine tuko nao huku Texas, wengine wako Arusha na Nakuru. Juzi niliandika: "Veterani huyo amekatwa, na timu itapata pigo la dola milioni 35 za pesa mfu kwenye kofia ya mishahara." Mmoja akaelewa kwamba mchezaji kakatwa mshahara, mwingine akadhani timu imetozwa faini. Shangazi yangu akauliza kofia ni ya nani. Niandikeje? Na mchezaji akistaafu mwenyewe, maneno yabadilike?

JIBU: Shangazi kauliza swali la haki, na jibu lake ni fupi. Kofia ni vazi, na Kiswahili hakina desturi ya kulifanya vazi hilo kuwa mpaka wa matumizi. Kazi hiyo ina neno lake la siku nyingi. Waulize maofisa bajeti wa halmashauri yoyote Tanzania, watakwambia kila mwaka hupewa "ukomo wa bajeti" kabla hawajaandika hata mstari mmoja. Basi "salary cap" ya Waingereza, yaani kiasi cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kwa wachezaji wake kwa mwaka, ni ukomo wa mishahara. Wakenya wengi wataona "kikomo" kimekaa vizuri zaidi mdomoni, na hakuna ubaya. NFL iliuanzisha mwaka 1994 kwa dola milioni 34.6 kwa kila timu. Mwaka 2024 ulifika milioni 255.4.

Hilo likieleweka, "pigo" nalo linaanguka. Kwetu timu hupata pigo mshambuliaji wake anapovunjika mguu. Hapa hakuna aliyeumia wala aliyetozwa faini. Kuna kiasi kinachoandikwa kwenye daftari la timu na kula nafasi ndani ya ukomo. Kitenzi chake ni kuhesabiwa: "dola milioni 35 zitahesabiwa kwenye ukomo wa timu." Sentensi imepoa kidogo, nakubali, lakini yule jamaa wa faini hatapotea tena.

Sasa "amekatwa". Mtu akiwa kiima cha kitenzi hiki, msomaji husubiri aambiwe kilichokatwa: amekatwa kodi, amekatwa mkopo, amekatwa mguu. Ukiweka na dola milioni 35 jirani yake, umemsukuma mwenyewe kwenye makato ya mshahara. Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, aliondolewa na timu hiyo mwaka 2015. Ukiandika "Adongo alikatwa", msomaji wa Nairobi atabaki anangoja mwisho wa sentensi.

Sisemi kitenzi hicho hakina kabisa maana ya kuondolewa. Wanasiasa Tanzania "hukatwa" kila msimu wa uteuzi, na hakuna anayeuliza wamekatwa nini, kwa sababu wote wanajua kuna orodha ya majina na kalamu imepita juu yake. NFL nayo ina wakati unaofanana na huo. Mwisho wa Agosti kila timu hupunguza wachezaji kutoka 90 hadi 53. Kwa tukio hilo mimi ningependelea "kuchujwa", maana ni mchujo hasa: wengi wameingia, wachache wanabaki. Mchezaji mwenye miaka kumi ya ligi anayeondolewa mwezi Machi kwa sababu kiasi chake kimekuwa kikubwa mno kwenye daftari hajachujwa. Huyo ameachwa.

"Kuachwa" ni neno la kawaida mno la usajili wetu, kiasi kwamba watu hulidharau na kutafuta lenye kishindo. Yapo. "Kutemwa" linapendwa na wahariri wa michezo pande zote mbili za mpaka, na kwenye kichwa cha habari sina ugomvi nalo, ila lina dharau ndani yake: kinachotemwa ni kile ambacho mdomo haukitaki. "Kupigwa kalamu" la Kenya linawafaa zaidi makocha. Mashabiki wa Dar es Salaam siku hizi husema mchezaji "kapewa thank you", na kwenye kundi la jamaa utaeleweka bila shida. La kukwepa ni "kuvunjiwa mkataba". Kwetu, aliyevunjiwa mkataba amedhulumiwa, na akiwa mgeni hukimbilia FIFA kudai. Katika NFL timu ina haki ya kumwachia mchezaji kabla mkataba haujaisha. Sehemu kubwa ya mikataba imeandikwa hivyo tangu mwanzo. Hakuna kilichovunjwa, kimetumika tu kifungu kilichokuwapo.

Kwenye "pesa mfu" ndiko kwenye kazi. Kisarufi halina tatizo: tunasema lugha mfu, na wavuvi wana maji mafu yao. Tatizo ni kwamba msomaji wa Kiswahili akisikia pesa imekufa, anaona pesa iliyopotea au iliyokaa bila kufanya kazi. Nyingi za pesa hizi zilishatoka zamani, mchezaji kazipokea na pengine kashajengea nyumba. Kinachobaki ni kuziandika.

Chukua mwenye duka aliyelipa kodi ya pango ya mwaka mzima kwa mkupuo, lakini kwenye daftari lake akawa anaandika mwezi kwa mwezi. Mwezi wa tano anahama. Miezi saba iliyobaki haitoki tena mfukoni, ilishatoka, lakini lazima iandikwe, na sasa inaandikwa yote siku moja.

Fedha za kusaini katika NFL huenda hivyo hivyo. Mchezaji hulipwa mapema, lakini kwenye ukomo kiasi hicho hugawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano. Akisaini kwa dola milioni 20 na mkataba wa miaka mitano, kila mwaka zinahesabiwa milioni 4. Akiachwa baada ya misimu miwili, milioni 12 hazijaandikwa bado, na zote hurundikana kwenye mwaka huo. Isipokuwa aachwe baada ya tarehe 1 Juni: hapo milioni 4 zinahesabiwa mwaka huo na 8 zinasukumwa mwaka unaofuata. Kanuni huiruhusu timu kuwaachia wachezaji hadi wawili kabla ya tarehe hiyo kisha wakahesabiwa kana kwamba waliachwa baadaye.

Kwa hiyo tuziiteje? "Salio" halifai, tangu simu za mkononi ziingie, salio ni kitu unachofurahia kuwa nacho. "Deni" linapotosha pia, kwani timu haidaiwi na mtu. Mimi ningeandika "fedha za aliyeondoka". Ni maneno matatu badala ya mawili, lakini yanabeba habari yote: kuna fedha zinazochukua nafasi, na mtu wake hayupo uwanjani. Ukitaka fupi kwa kichwa cha habari, "baki ya mkataba" inatosha. Wanaofuatilia ligi wakizoea "pesa mfu", waandikie, ila ieleze mara ya kwanza.

Tahadhari moja hapa. Usiseme daima kwamba fedha hizi zimekwisha kulipwa. Denver Broncos walipomwacha Russell Wilson mwaka 2024, zilihesabiwa takriban dola milioni 85 kwa miaka miwili: 53 mwaka huo, 32 mwaka uliofuata. Ndani yake kulikuwa na mshahara wa dola milioni 39 wa msimu wa 2024 uliokuwa umehakikishwa, ambao haukuwa umelipwa. Huo ulikuwa wake hata baada ya kuachwa. Naandika "uliohakikishwa" kwa makusudi. "Wenye dhamana" unamkumbusha msomaji mahakamani.

Swali lako la pili ndilo zuri zaidi: akistaafu mwenyewe? Maneno lazima yabadilike, kwa sababu haki za kila upande zinabadilika. "Kustaafu" ni kitenzi cha anayejiondoa. Hata asili yake ya Kiarabu ni kuomba kuachiliwa. Aliyeondolewa kwa nguvu tuna umbo lake tayari, "amestaafishwa", na usilitumie kwa mchezaji isipokuwa una uhakika kwamba alisukumwa. Wahariri wa Tanzania watakupa pia "ametundika daluga", na wa Kenya watatundika njumu. Yote sawa, mradi ni yeye aliyetundika.

Lakini "kustaafu" linakuja na mzigo wake. Kwetu mstaafu hupewa kiinua mgongo. Ukiandika "amestaafu, na timu itabeba dola milioni 35", nakuhakikishia Arusha watasema jamaa kavuta kiinua mgongo cha ajabu. Kumbe mambo yanaweza kuwa kinyume chake: anayestaafu mkataba ukiwa hai huacha mshahara wa miaka iliyobaki, na timu inaweza kudai irudishiwe sehemu ya fedha za kusaini ambayo hajaicheza. Barry Sanders alipostaafu ghafla mwaka 1999, Detroit Lions walidai, na msuluhishi akaamua arudishe dola milioni 5.5 kati ya 11 alizopokea kwa kusaini. Andrew Luck alipostaafu Agosti 2019 akiwa na miaka 29, Indianapolis Colts wangeweza kudai pia, wakamsamehe. Vitenzi unavyohitaji hapa ni kudai, kurejesha na kusamehe, na vyote vimejaa kwenye Kiswahili cha kila siku.

Tofauti nyingine ambayo waandishi huikosa: aliyeachwa ni mchezaji huru, aliyestaafu si huru. Haki zake hubaki kwa timu yake muda wote mkataba haujamalizwa. Rob Gronkowski alistaafu mwaka 2019 akiwa wa New England Patriots. Alipotaka kurudi mwaka 2020, ilibidi Patriots wamhamishie timu ya Tampa Bay kwa mabadilishano. Kwa hiyo ukiandika "amestaafu na sasa yuko huru", umeandika mambo mawili yasiyokaa pamoja.

Hata "amestaafu" lenyewe huchunga wakati. Drew Brees alitangaza kustaafu Machi 2021, lakini New Orleans Saints walimbakiza kwenye vitabu hadi tarehe 1 Juni ipite, baada ya yeye kukubali mshahara wake wa mwaka huo ushuke kutoka dola milioni 25 hadi milioni moja na kidogo. Lengo lilikuwa kugawa baki ya mkataba kwa miaka miwili. Kati ya Machi na Juni, mtu huyo alikuwa "ametangaza kustaafu". "Amestaafu rasmi" likaja baadaye. Tofauti hiyo ya neno moja ndiyo inayoeleza kwa nini jina lake lilikuwa bado kwenye hesabu. Na Tom Brady, ambaye alitangaza kustaafu Februari 2022 na kughairi mwezi uliofuata, atakufundisha kutoharakisha "rasmi".

Kiasi ulichotaja kinakaribia sana cha Brady, na kisa chake kina neno jingine gumu. Alipoondoka kabisa mwaka 2023, Tampa Bay walibaki na dola milioni 35.1 kwenye ukomo. Mkataba wake ulikuwa na miaka ya nyongeza ambayo pande zote zilijua hataicheza. Iliwekwa ili fedha zigawanyike vipande vidogo, na ilipojifuta vipande vyote vikaangukia mwaka mmoja. Ulimi unavutwa kusema "miaka hewa", kama wafanyakazi hewa, na ni neno tamu kweli. Nalionea shaka, maana hewa yetu hunuka wizi, na jambo hili limo ndani ya kanuni. "Miaka ya kwenye karatasi" inafaa zaidi.

Limebaki "veterani". Huku kwetu maveterani ni wazee wa zamani wanaocheza Jumapili asubuhi wakiwa na vitambi. Ukisema veterani amestaafu, utachekwa: alistaafu ndiyo akawa veterani. Mwite "mkongwe". Hata hilo litumie kwa kiasi, kwa kuwa kanuni za NFL humwona mchezaji wa misimu minne kuwa mkongwe kamili, na anaweza kuwa na miaka 26. Wa namna hiyo mwite "mzoefu".

Kama timu ndiyo iliyoamua, sentensi yako ingesomeka: "Mkongwe huyo ameachwa na timu yake, na dola milioni 35 za mkataba wake zitahesabiwa kwenye ukomo wa mishahara wa mwaka huu ingawa hatacheza." Kama ni yeye: "Mkongwe huyo ametangaza kustaafu. Fedha zake za kusaini ambazo hazijaandikwa, dola milioni 35, zitahesabiwa kwenye ukomo wa timu, ambayo inaweza kumdai arejeshe sehemu yake." Kwa Nakuru, badilisha ukomo uwe kikomo.