Wasifu wa marehemu siyo barua ya kuombea kazi

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia meseji. Baba yake kafariki, mazishi keshokutwa, na familia imempa yeye kazi ya kuandika wasifu kwa sababu eti ndo msomi wao. Anasema amekaa na daftari masaa matatu na amepata mistari minne tu, alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, ameacha watoto watano. Akamalizia hivi, "lakini huyu siyo baba yangu". Nimeirudia hiyo meseji sijui mara ngapi, kwa sababu mistari minne ya namna hiyo niliisikia ikisomwa kwa shangazi yangu na mpaka leo inaniuma.

Shangazi ndo alonilea. Alikuwa fundi cherehani, tepu ya kupimia haitoki shingoni, hata siku ya mwisho alipopelekwa hospitali aliingia nayo. Mkasi wake wa vitambaa ole wako uukatie karatasi, hapo hata ungekuwa mgeni utasemwa. Na ukirudi nyumbani baada ya miaka miwili yeye hasemi umekonda, anakuangalia tu mlangoni anasema "kiuno kimepungua inchi mbili, nini kinakusumbua?" Yani alikuwa anajua shida zako kwa inchi.

Alipofariki mimi nilikesha, nikaandika kurasa mbili zenye hayo yote. Asubuhi mkubwa mmoja wa familia akazichukua, akazisoma akiwa amesimama, akanirudishia akasema mambo ya mkasi siyo ya kusomea watu halafu muda hautoshi. Ikasomwa ya kwake. Dakika tatu. Neno cherehani halimo, kaandika "marehemu alijishughulisha na shughuli binafsi". Shughuli binafsi! Mwanamke kakanyaga cherehani miaka 34, kasomesha watoto wasio wake kwa mguu ule ule, halafu ndo anazikwa na maneno hayo. Sikusema kitu siku ile, nilikunja karatasi zangu nikaweka mfukoni. Nimesamehe, ila sijasahau na sitasema uongo hapa kwamba nimesahau.

Miezi iliyofuata naiacha. Mwaka huu tulipokaribia kumbukumbu ya mwaka mmoja ndo nikafungua droo ya cherehani yake natafuta kitu kingine kabisa, nikakuta daftari. Vipimo vyetu. Familia nzima, jina, kifua, kiuno, bega, urefu, tarehe. Mimi nimo tangu nina miaka 6. Kuna mwaka niliongezeka urefu inchi 3 na pembeni kaandika kwa penseli "huyu aachiwe pindo kubwa". Kuna binamu yangu mmoja kifua kimepungua ghafla, pembeni yake kaandika "anaumwa, asiulizwe". Nililia pale chini kwenye sakafu mpaka watoto wakaja kuniangalia. Kurasa 80 na kitu, na vipimo vyake mwenyewe havimo hata mara moja.

Basi siku ya kumbukumbu nikaomba dakika kumi, safari hii sikumwonyesha mtu kabla. Nikasoma lile daftari, mtu mmoja mmoja, jina na inchi zake na alichoandika pembeni. Watu walianza kwa kucheka, kila mtu anacheka kiuno cha mwenzake cha zamani, halafu nilipofika kwenye "asiulizwe" kukawa kimya na binamu akainuka akatoka nje. Watu 11 wameniomba nakala. Yule mkubwa ndo alikuwa wa kwanza. Sikumnyima, na najisikia vizuri sana kusema hivyo.

Kwa hiyo dada yangu, na wengine wote mnaotaka wazazi wenu wakumbukwe kama walivyokuwa, anzeni na kitu kidogo. Tarehe za kuzaliwa na shule zitajipanga zenyewe, hata mtu baki anaweza kuziandika. Wewe tafuta kitu alichokuwa anashika kila siku, neno alilokuwa anarudia, alivyokuwa anapokea simu. Na ukiuliza ndugu usiulize "alikuwa mtu wa namna gani", utajibiwa alikuwa mcheshi na alipenda watu, hiyo ni ya kila marehemu. Uliza "akikasirika alikuwa anafanyaje?" au "mara ya mwisho alikukatalia nini?" Hapo utaona mtu anakaa vizuri kwenye kiti na stori zinaanza kutoka. Andika na ugumu wake pia. Shangazi alikuwa hasahau deni na alikuwa na upendeleo, na nilivyolisema hilo mbele za watu ndo wakaniamini kwenye mengine yote. Lakini anza na kitu kidogo.

Lingine ni sauti, na hapa nina majuto. Nilikuwa na voisi zake nyingi tu WhatsApp, nikabadilisha simu bila kuhifadhi, imebaki moja ya sekunde 14 ambayo alimtumia dada yangu, anauliza kama mvua imeacha. Ndo sauti yote niliyonayo ya mtu alonilea. Akaunti ya WhatsApp isipotumika siku 120 huwa inafutwa, na laini ikikaa kimya muda mrefu kampuni ya simu inaweza kuiuza upya, mimi nilishapiga namba yake siku moja nimezidiwa akapokea mwanaume nisiyemjua, akasema haloo mara mbili, nikakata. Toa hizo voisi leo, zitume kwenye barua pepe yako, weka na kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Google nao akaunti ikikaa miaka 2 bila kuguswa wanaweza kuifuta pamoja na picha zake. Facebook walianza 2015 kuruhusu mtu ateue wa kuangalia ukurasa wake akishafariki, ila lazima ateue mwenyewe akiwa hai, kwa hiyo kama mama yako yupo mketi naye wikiendi hii mfanye. Na picha za karatasi, andika majina nyuma kwa penseli laini wakati wanaozijua sura bado wapo. Tuna picha moja ya shangazi na wasichana watatu, na hakuna aliyebaki wa kutuambia ni akina nani.

Na usikubali mtu akupangie uchungu wako. Mimi niliambiwa sana "uko hatua ya hasira, itapita", zile hatua tano za majonzi ambazo watu husema kila mfiwa anazipitia. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, alipoziandika 1969 alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, siyo na sisi tuliobaki. Hasira yangu ilikuwa na sababu, ilikuwa ni ile "shughuli binafsi", na haikupoa mpaka niliposimama nikasoma daftari.

Dada, kwenye meseji yako mwishoni kabisa uliandika kwamba baba alikuwa anakwambia ufunge mlango polepole kwa sababu "mlango nao umechoka". Uliandika ukaendelea kama vile siyo kitu. Anza na mlango. Ukimaliza ukurasa wa kwanza nitumie hata kama ni saa nane usiku, niko macho.